Kodi Iliyorudi Mwika

Elinipendo alirudi Mwika mwezi wa Agosti, mwaka 2003, kahawa ikiwa imeanza kuiva na baridi ya asubuhi ingali inang'ata vidole. Alikuwa amekaa Uingereza miaka mitano akihudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, kwenye mji wa viwanda ambao wenyeji wake wenyewe walikuwa wakiusema vibaya. Kazi yenyewe ilikuwa kuogesha, kulisha, kubadilisha mashuka, na kusikiliza kisa kilekile cha vita kikisimuliwa upya kila jioni. Hakuidharau. Kabla ya kuondoka alikuwa muuguzi msaidizi huku nyumbani, mpaka hospitali ilipoishiwa fedha za wafadhili ikaanza kupunguza watu. Mume wake alikuwa ameshafariki bila kumwachia mtoto wala shamba. Mtu wa namna hiyo akipata viza hajiulizi mji una sura gani.

Kilichomrudisha ni mama yake, Ruth. Siku moja ya mvua mama huyo aliteleza kwenye njia ya kwenda mferejini akavunjika nyonga. Godlove, mdogo wake Elinipendo na kitinda mimba wa nyumba ile, alipiga simu kutoka Moshi mjini.

"Dada, mama hawezi hata kuketi mwenyewe. Mke wangu naye unamjua, mtu wa mjini. Sijui nishike wapi."

Elinipendo aliona aibu. Yeye analipwa kuwainua mama za watu kitandani, na wa kwake amelala hana wa kumwinua. Aliaga kazini mwezi uleule.

Siku alipokwenda ofisini kukabidhi funguo, karani wa mishahara, mama wa makamo aitwaye Pamela, alimvutia kiti. Akamweleza kwamba mwaka wa kodi wa kule huanza Aprili, na kodi hukatwa kila mwezi kana kwamba mtu atafanya kazi mpaka Aprili nyingine. Anayeondoka katikati anakuwa amelipa kuliko inavyompasa. Tena yeye Elinipendo, kwa ile kazi yake ya pili ya Jumamosi na Jumapili, alikuwa amekatwa kiwango kisicho chake miaka yote bila mtu kurekebisha.

"Jasho lako hilo," Pamela alimwambia. "Jaza fomu. Usiwaachie."

Fomu ilikuwa na sehemu ya kuandika jina la mtu wa kupokea fedha kwa niaba ya mwombaji. Akaunti yake ya kule alikuwa anaifunga. Godlove alikuwa na akaunti ya fedha za kigeni Moshi, kwa sababu alikuwa na kampuni ndogo ya kupandisha watalii mlimani. Elinipendo akaliandika jina la Godlove bila kusita. Huyu ndiye mtoto ambaye yeye alimbeba mgongoni kila mama yao alipokwenda sokoni kuuza ndizi, akamlipia ada ya sekondari kwa mshahara wake wa kwanza wa hospitali. Kama kulikuwa na jina aliloweza kuliandika huku amefumba macho, ni hilo.

Alimkuta mama amelazwa kwenye nyumba ya zamani, udongo umebanduka ukutani na mabati yanavuja palepale palipokuwa pakivuja yeye akiwa msichana. Akaanza kazi. Alimfundisha mama kuketi, kisha kusimama, kisha kutembea na gongo kutoka mlangoni hadi kwenye shina la kwanza la kahawa. Alimpikia mtori wa ndizi, akamkanda, akamwogesha. Krismasi ilipofika mama alikwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe, polepole, na watu wakasema Elinipendo ana mkono wa kuponya.

Akiba aliyokuja nayo iliishia kwenye dawa, ng'ombe mmoja wa maziwa na madeni ya mama. Hakuwa na wasiwasi. Kodi ilikuwa inakuja. Pale sokoni Mwika palikuwa na fremu tupu, naye alishazungumza na mwenyewe. Alitaka kufungua duka la dawa baridi. Watu wa pale walikuwa wakishuka hadi Himo kutafuta dawa ya homa ya mtoto, nauli inaishinda bei ya dawa. Kila Godlove alipopanda kuja kumwona mama, Elinipendo alimsindikiza hadi barabarani.

"Bado?"

"Bado, dada. Wazungu wana taratibu zao."

Jumamosi moja ya Februari Godlove alikuja, wala hakuingia ndani. Alishuka moja kwa moja hadi upande wa chini wa kihamba, shamba la ukoo, karibu na mfereji, akamkuta dada yake anakata majani ya ng'ombe.

"Dada, wamekataa."

"Wamekataa nini?"

"Ile kodi. Wanasema kodi ya kule ni ya kule. Mgeni akishaondoka, ameondoka."

Elinipendo alisimama na panga mkononi. "Lakini Pamela alisema ni haki yangu."

"Pamela ni karani, dada. Serikali ni serikali." Akamshika bega. "Mimi mwenyewe nimeumia. Nimewaandikia mpaka nimechoka."

Hakumwomba amwonyeshe karatasi yoyote. Mtu uliyemvusha mto mgongoni, unaanzaje kumdai karatasi? Godlove alipoondoka, Elinipendo aliketi katikati ya migomba akalia mpaka ng'ombe akaanza kudai chakula chake, ndipo akajifuta akaenda kumlisha. Kesho yake alikwenda sokoni akamwambia mwenye fremu ampe mtu mwingine.

Haukupita muda, lori likashusha mawe na matofali ya saruji nyumbani kwa mama. Godlove alisema mambo yamemfungukia: kundi kubwa la Wajerumani limelipia safari ya mlimani, naye ameona amkumbuke mama kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Elinipendo alifurahi kuliko wote. Alichota maji mferejini ya kukorogea saruji, akawapikia mafundi ndizi na maharage, akafyeka njia ili lori lisikwame. Nyumba ikasimama: vyumba vitatu, sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, madirisha ya vioo, bati jekundu linaloonekana hata ukiwa ng'ambo ya bonde.

Desemba, Wachagga waliotawanyika nchi nzima waliporudi migombani kama ilivyo desturi, ikafanyika ibada ya shukrani. Ng'ombe alichinjwa, pombe ya ndizi, mbege, ikapikwa ya kutosha ukoo na majirani. Mchungaji aliomba, akabariki milango. Kisha akasimama baba mdogo Yohana, ndugu wa baba yao marehemu na msemaji wa ukoo, mzee aliyependa kuwachekesha watu.

"Ndugu zangu, wapo waliovuka bahari wakarudi na masweta," alisema, na macho yote yakamgeukia Elinipendo, aliyekuwa amevaa sweta. "Na yupo ambaye hata Dar es Salaam hakai wiki, lakini leo mama yake anakanyaga saruji. Mtoto wa kiume ni mtoto wa kiume!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Elinipendo naye akacheka, angefanyaje? Mama, aliyeketi ubavuni mwake, akacheka pia. Baadaye mama alisimama kwa gongo lake, akatamka mbele ya ukoo kwamba kile kipande cha kihamba cha chini, kando ya mfereji, anampa Godlove. Ndicho kipande alichopanda Elinipendo majani ya ng'ombe, na mama alikuwa amemwambia si mara moja kwamba pale ndipo atakapojijengea kibanda chake.

Aliyameza. Aliyejenga ndiye apewe, alijiambia. Watu walipoanza kutawanyika alimfuata ndugu yake akamshika mikono yote miwili.

"Mungu akubariki, Godi. Umenifuta aibu. Jambo hili lilikuwa langu mimi mkubwa, nikashindwa."

Godlove alitazama chini. Elinipendo akadhani ni unyenyekevu.

Mwaka uliofuata, karibu na Pasaka, Beatrice alirudi nchini. Huyu alikuwa msichana wa Marangu aliyefanya naye kazi katika nyumba ileile ya wazee, mdogo kwake kwa umri, mcheshi, amerudi ili aolewe. Alikuja Mwika kusalimia, akamwamkia mama, akaisifia nyumba, kisha wakaketi wawili jikoni wakimenya ndizi.

"Na duka lako, da' Eli, liko wapi? Nilijua nitakukuta umeshakuwa bosi."

"Duka la nini? Kodi walikataa kurudisha."

Beatrice aliacha kumenya. "Nani alikataa?"

"Hao wa kodi. Walimwambia Godlove."

"Mbona mimi wamenirudishia? Nimeacha kazi Oktoba, Januari pesa iko kwenye akaunti. Tena Pamela aliniambia ya kwako ndiyo ilikuwa nene. Alisema Elinipendo sasa hivi lazima ana hoteli."

"Labda wamebadilisha sheria."

Beatrice alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Da' Eli, twende mjini tuwapigie."

Walishuka Moshi Jumatatu. Siku hizo mtu aliyetaka kupiga simu nje ya nchi bila kufilisika alikwenda intaneti kafe, akavaa visikilizio kichwani, akaongea kupitia kompyuta. Waliipata moja karibu na stendi, imejaa vijana wanaosoma barua pepe. Elinipendo alisikiliza muziki wa kungojea ukiisha na kuanza tena, hadi sauti ya kijana wa kiume ilipojibu. Akamtajia namba yake ya kazi ya kule, tarehe ya kuzaliwa na anwani ya mwisho. Alisikia vidole vikibonyeza.

"Ndiyo, mama," sauti ile ilisema kwa Kiingereza cha adabu. "Marejesho yako yalilipwa Januari mwaka jana. Paundi elfu mbili na mia tatu na kidogo."

"Yalilipwa kwa nani?"

"Kwa mtu uliyemteua mwenyewe." Kijana akalisoma jina la Godlove, akajikwaa kwenye jina la ukoo, lakini lilikuwa lenyewe. "Je, kuna tatizo lolote?"

Elinipendo alitafuta neno la kumwambia mtu yule aliyeketi mbali namna ile, asiyemjua yeye wala Godlove.

"Hapana," alisema. "Hakuna tatizo. Asante."

Walipotoka nje Beatrice alitaka kumshika mkono. "Niache kwanza," Elinipendo akamwambia. Ndani yake kulikuwa bado na upande unaomtetea Godlove. Labda pesa ilipotelea benki. Labda iliingia na yeye hana habari. Alitembea na hayo mpaka mlangoni mwa ofisi yake, juu ya duka la vipuri vya magari. Bango la mlima lililobandikwa ukutani lilikuwa limepauka, na hapakuwa na mtalii wala dalili yake.

Godlove alisimama kwa furaha. "Dada! Shikamoo. Umeshuka lini?"

Elinipendo hakuitikia. "Godi, nimetoka kuzungumza na watu wa kodi wa Uingereza."

Godlove aliketi. Hakuuliza watu gani, hakuuliza wamesema nini. Aliketi tu, na dada yake akawa hana tena mtu wa kumtetea.

"Nisikilize, dada," alisema baadaye. "Pesa ilipoingia nilikuwa shimoni. Watalii walikuwa wamekatika, benki wanataka gari, wapagazi wananidai mpaka kwenye mlango wa kanisa. Lakini sikuila. Nimejenga. Nimemjengea mama yetu. Ile nyumba si ya mama? Na mama si wako?"

"Yote umejengea?"

"Karibu yote."

"Na Wajerumani?"

Godlove alianza kupanga karatasi za mezani.

"Godi, ungekuja ukaniambia, dada nimezama, nishike mkono, ningekunyima? Nimewahi kukunyima nini tangu uzaliwe?"

"Niliona haya."

"Uliona haya kuniambia, hukuona haya kunitazama nikikuchotea maji ya saruji. Nilikushukuru, Godi. Nilikushika mikono hiyo nikakuombea baraka, nawe ukanyamaza."

Godlove alifuta jasho. "Nitakulipa. Kidogo kidogo, lakini nitakulipa. Ila nakuomba kitu kimoja, dada. Mama asijue. Unajua presha yake. Utamuua."

Ombi hilo ndilo lililomfunga mdomo. Aliogopa kurudi Mwika, maana mama angeusoma uso wake kabla hajavua viatu. Akaenda kukaa Marangu kwa akina Beatrice, akatuma salamu nyumbani kwamba wana maandalizi ya harusi.

Siku chache hazijaisha, akatokea mzee Yohana, kwa miguu, mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Kwa Wachagga jani hilo si la mchezo. Aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea, ama humtuma mtu mzima alipeleke, na anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa. Akikataa, lawama inamhamia yeye.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukaa. Mama yako na ndugu yako wamenituma. Wanakuomba yaishe. Pokea hili, urudi nyumbani."

Mkono wa Elinipendo ulikuwa umeshaanza kunyanyuka wenyewe, kwa mazoea ya heshima, kisha ukaishia njiani.

"Mama ananiomba msamaha wa nini?"

Mzee alihamisha jani kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Baba mdogo, mama hajui lolote. Mimi sijamwambia, na Godlove amenisihi nisimwambie. Anaombaje msamaha kwa jambo asilolijua?"

"Twende ukamuulize mwenyewe," mzee Yohana alisema.

Walirudi Mwika pamoja, yeye mbele, mzee nyuma na jani lake. Mama alikuwa ameketi barazani kwenye nyumba yake mpya, anachambua maharage kwenye ungo. Elinipendo hakumwamkia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajue kusema.

"Mama, ulijua?"

Mama aliuweka ungo chini. Kama angekana, pengine Elinipendo angemwamini. Hakukana.

"Alikuja hapa siku pesa ilipoingia," mama alisema. "Alilia kama mtoto mdogo. Wenye madeni walitaka kumfunga. Alitaka aichukue yote awalipe. Mimi ndiye niliyemwambia, usile pesa ya dada yako, ijenge. Angalau ijenge."

"Wewe ndiye uliyemwambia ajenge."

"Mimi."

"Na mimi nilikuwa wapi siku hiyo?"

"Ulikwenda kisimani— ulikwenda mferejini. Sikumbuki."

"Nilikuwa nakuogesha kila siku, mama. Nilikuwa nalala chini, kwenye mkeka, karibu na kitanda chako. Ulishindwa kuniambia? Ulidhani ningekataa usijengewe nyumba?"

"Ungekubali?"

"Ningekubali!" Sauti yake ilifika kwa majirani, na hakujali. "Ningekubali, mama. Ningewapa yote na duka ningeliacha. Mngeniomba tu."

Mama alitikisa kichwa taratibu. "Ningekuomba, ungetoa, najua. Lakini nyumba ingekuwa umejenga wewe. Binti akimjengea mama yake, watu wanauliza, wa kiume yuko wapi? Wangemcheka Godlove mpaka uzeeni. Amebeba jina la baba yako, Eli. Ana watoto wanaolibeba. Akidharauliwa yeye, nyumba yote imekwisha. Wewe una nguvu. Wewe ukianguka unainuka, nimekuona."

"Kwa hiyo nianguke mimi."

"Sikusema hivyo."

"Siku ile ya masweta ulikuwa umekaa hapa pembeni yangu. Baba mdogo alinicheka mbele ya ukoo mzima, na wewe unajua ni pesa ya nani inayokanyagwa. Ulicheka, mama."

Mama aliutazama ungo. "Kila mtu alicheka," alisema.

Elinipendo aliingia chumbani akakusanya nguo zake. Hazikuwa nyingi. Ng'ombe alimwacha zizini. Hakuwa na mahali pa kumpeleka. Alipotoka, mzee Yohana alikuwa bado amesimama uani, naye akamnyooshea lile jani kwa mara ya pili.

"Mwanangu, isale haikataliwi."

"Sijaikataa, baba mdogo. Nasema iletwe inavyotakiwa. Ng'ombe alichinjwa mchana, watu wakala, maneno yakasemwa. Basi na hili liletwe mchana, mbele ya walewale. Godlove asimame aseme ni nani aliyejenga. Nitalipokea kwa mikono miwili, na pesa simdai hata shilingi."

"Unataka kumvua ndugu yako nguo mbele ya watu?"

"Mimi nilivuliwa, baba mdogo. Wewe ndiye uliyenivua."

"Sikujua, mwanangu."

"Sasa unajua."

Hakuna aliyesimama mbele ya watu. Kilichosikika vijijini ni kwamba Elinipendo ameletewa isale akaikataa, kwamba Ulaya imemharibu, kwamba anamwonea wivu mdogo wake kwa kumjengea mama. Wanawake wa kwaya walimwombea. Mzee Yohana alikuwepo wakisema hayo, na safari hii hakufanya mzaha wowote. Alisikiliza tu, akainuka, akaenda zake.

Elinipendo alishuka Chekereni, kule bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Mtu mmoja alikuwa amefungua zahanati, anatafuta muuguzi asiyeogopa joto na malaria. Alipanga chumba kimoja. Mwanzoni alishindwa kulala kwa mbu na kwa vyura wa majaruba, baadaye akazoea. Watu wa pale walimpenda haraka. Hawakujua habari za kodi, wala za nyumba, wala hawakuwa na sababu ya kumcheka. Godlove alituma pesa kidogo miezi ya mwanzo, kwa mkono wa Beatrice. Kisha akakoma, na Elinipendo hakuuliza.

Mwaka 2008 mama alipata kiharusi. Aliyeleta habari ni mzee Yohana mwenyewe, amezeeka, amefika zahanati amelowa jasho kwa joto asilolizoea. "Amepoteza upande mmoja na ulimi," alisema. "Mke wa Godlove amejaribu. Hawezi."

Elinipendo aliomba likizo, akapanda. Alimhudumia mama vizuri, kama alivyojua, asubuhi hadi jioni. Alimlisha uji kwa kijiko, akamsafisha, akamkausha kwenye mikunjo ya ngozi asipate vidonda. Lakini kwenye nyumba ile hakulala. Jioni alitembea hadi kwa jirani mmoja mjane, akalala kule, asubuhi akarudi. Mama alimfuata kwa macho chumbani kote. Wakati mwingine midomo ilihangaika, ikatoa sauti isiyo na neno, na chozi likatoka kwenye jicho lile zima. Elinipendo aliinama, akategea sikio, akangoja. Kama mama alikuwa na neno alilotaka kumwambia, au alikuwa anaomba maji tu, hakuna atakayejua. Alimpa maji.

Mama alifariki likizo ikiwa haijaisha.

Walimzika mbele ya nyumba yenye bati jekundu, kati ya migomba. Watu walijaa hadi barabarani. Wasifu wa marehemu aliusoma mzee Yohana. Alisoma alipozaliwa, alipobatizwa, alipoolewa, watoto aliowaacha. Kisha akafika mahali pasemapo kwamba katika uzee wake marehemu alitunzwa vema, akajengewa nyumba bora na mwanawe mpendwa, Godlove. Alitua. Elinipendo, aliyesimama mstari wa mbele na shada mkononi, alimwona anairudia mistari ileile kwa kidole. Wengi walidhani mzee amezidiwa na majonzi. Akaendelea na sentensi iliyofuata, na hakunyanyua macho mpaka alipomaliza.

Elinipendo alitupa udongo wake, akaweka shada lake. Watu walipoelekea kwenye chakula, yeye alikwenda kwa jirani akachukua mkoba, akashika njia ya barabarani. Beatrice na mumewe walikuwa na gari, wangemshusha Himo. Godlove alimkimbilia, tai imelegea, macho mekundu.

"Dada, usiondoke hivi. Tuzungumze."

Elinipendo alisimama. Waombolezaji walikuwa wametapakaa kila upande, wajomba, shangazi, wanakwaya, na mchungaji akiwa hatua chache tu kutoka pale. Baadhi waligeuka kuwaangalia.

"Zungumza," alisema.

Godlove aliwatazama watu, kisha akamtazama dada yake.

"Si hapa, dada."

"Haya," Elinipendo akasema. Akaingia kwenye gari, akasogea ili Beatrice apate nafasi, na mume wa Beatrice akawasha injini.